Mstari wa Kisogoni

Kaka yangu mkubwa ni kinyozi, na ukitaka kumjua vizuri usianzie usoni. Anzia kisogoni. Wateja wanaosubiri kwenye benchi letu hawana kingine cha kutazama: yeye amewapa mgongo, ameinamia kichwa cha mtu, na wao wanaangalia shingo yake mpaka zamu zao zifike. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Lilianza kusumbua shingo ilipoota kitu.

Wanamwita Rula. Jina alimpa marehemu baba, mwenye saluni, kwa sababu mstari anaoupiga kaka, uwe wa kwenye paji la uso au wa kisogoni, haupindi hata mteja akipiga chafya. Mdogo wetu wa mwisho tunamwita Kitinda, naye ni kinyozi pia. Mstari wake unapinda kidogo. Anajua, na anafidia kwa maneno matamu. Mimi ndiye dada, wa katikati. Baba alipogawa saluni aliwapa wavulana viti viwili vinavyotazama kioo, mimi akanipa sinki la nyuma na taulo. Naosha vichwa, nafua, na nawaona wote wawili kwenye kioo bila wao kukumbuka kwamba nawaona. Sitasema kwamba sinki halikuniuma. Liliniuma, na siku nyingine bado linaniuma.

Mama alitupa sote ngozi yake, ngozi isiyojua kuacha. Watu wengine wakijikwaruza wanapona. Sisi tunapona, halafu tunaendelea kupona, mpaka kovu linavimba, linakuwa gumu, linawasha, na linavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Hospitalini wanaliita keloidi. Mama analo kifuani, lilitokana na lengelenge moja la tetekuwanga. Langu liko begani, palipochomwa chanjo, limejikalia chini ya nguo na halina kesi na mtu. Ya wale wawili yaliota kisogoni kwa ajili ya kazi yao wenyewe: kunyoana karibu mno na ngozi, vipele visipoe, vipele vishikane. Wivu nao tumeurithi, ila huo sijui umetoka kwa nani, maana upande wa baba unausukumia upande wa mama, na upande wa mama unaurudisha.

Kitinda ni mwoga. Vipele vyake vilipoanza kushikana alikimbia kwa daktari wa ngozi kabla hata hajatuambia. Akachomwa sindano palepale penye vipele, akapewa krimu ya kupaka, akaonywa asiguse kisogo kwa wembe wala mashine. Vikasinyaa. Pakabaki baka bapa ambalo usipoonyeshwa hulioni. Mama akasema, ngozi ivute ili maji. Rula akasema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi za kufanya.

La Rula likakua. Likafika unene wa kidole gumba, likalala juu ya kola kutoka upande mmoja wa shingo mpaka wa pili, linang'aa. Wateja wakaanza kulitazama kutoka kwenye benchi. Hakuna aliyesema neno, maana watu wana adabu, na adabu nayo ina ukatili wake. Mmoja alikumbuka simu. Mwingine alisema hana haraka, atamsubiri Kitinda. Siku moja akaingia Mwalimu.

Mwalimu ni mkuu wa shule mstaafu. Baba alimnyoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na baba alipofariki, kichwa hicho kilihamia kwa Rula kama sehemu ya urithi. Ndicho kichwa cha heshima katika saluni yetu. Kina matuta, kina kona, na mwenyewe hakubali kazi ya kulipua. Alisimama katikati ya viti viwili, akalitazama lile kovu, akakohoa.

"Leo nimwachie kijana," alisema. "Wewe mwanangu, pumzika kidogo."

"Sawa, Mwalimu. Hamna shida," kaka alijibu, akaanza kuifuta mashine ambayo ilikuwa safi.

Mwalimu alipoondoka, kaka alinifuata sinkini.

"Mimi nimemwambia nimechoka?"

"Anaogopa shingo yako, kaka. Anadhani utamwambukiza."

"Hili haliambukizi."

"Mimi najua. Mwalimu hajui."

"Si mwalimu? Ajue."

Wivu wa kinyozi ni mbaya kuliko wa watu wengine kwa sababu una kioo. Mwenye duka akimwonea jirani kijicho, anafunga dirisha, yamekwisha. Kaka hakuwa na dirisha la kufunga. Kila alipoinua macho, Kitinda alikuwa pale, anacheka na mtu aliyekuwa wake. Akaanza vituko. Mara feni inapuliza upande mmoja tu. Mara mimi nampa Kitinda taulo laini, yeye nampa matambara. Mara Kitinda anamwaga pauda mpaka wateja wanatoka kama waliotumbukia kwenye gunia la unga. Kitinda akichekesha watu, Rula anaongeza sauti ya redio. Nilimwambia roho mbaya haijengi. Akaniambia nioshe vichwa.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Wifi aliniambia mumewe hawezi tena kulala chali, na usingizini anajikuna mpaka mto unapata damu. Mashati yake yote yalibaki bila kufungwa kifungo cha juu. Hatimaye mwasho ulimshinda. Asubuhi moja alisimama mbele ya Kitinda, akatazama pembeni, akauliza kama mtu anayeulizia njia, "Yule daktari wako, anakaa wapi?"

Nilimsindikiza. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Alilibonyeza kovu, akalipima, akasema kwa ukubwa huo sindano peke yake haitafua dafu, itabidi alikate.

"Lakini tusidanganyane," alisema. "Kisu kinaondoa kovu, hakiondoi tabia ya ngozi. Nikikata nikakuacha hivyohivyo, litarudi, na litarudi kubwa zaidi. Kidonda kikifunga, utakuja kila mwezi nikuchome sindano kwenye mshono. Asubuhi na jioni utapaka dawa ninayokupa. Kola zinazobana hapana. Na wembe, mashine, chochote chenye makali, kisiguse hapo. Nywele za kisogoni ziache ziote."

"Ziote mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

"Daktari, mimi ni kinyozi."

"Ndiyo maana nimekueleza taratibu."

Alikatwa, akashonwa, akapona. Siku aliyorudi kazini alikuwa amevaa shati la kola laini, na alijitahidi kumpa kila mtu kisogo. Aliinama kuokota vitu ambavyo havikuanguka. Benchi likaanza kumsogelea tena, mmojammoja. Kaka akapunguza sauti ya redio. Hata mimi niligawa taulo zangu bila kuulizwa nani nimempa zipi. Nikadhani tumevuka.

Kumbe Kitinda alikuwa na lake, na wala hakulikusudia. Kwa kuwa alikatazwa kunyoa kisogo, nywele zake za nyuma zilikuwa zimeteremka shingoni, zimekusanyika katikati, nyembamba. Kwa mtu mwingine ungesema hajanyolewa. Kwa Kitinda, na ule mdomo wake, ikawa mtindo. Kijana mmoja akamwambia amnyoe hivyo. Wakaja wenzake. Wakaupa jina, wakauita Mkia. Ikafika mahali benchi zima linasubiri kiti kimoja, na vijana wanainamisha shingo zao nzuri zisizo na kovu wala kipele, wanaomba wafanane na mgonjwa.

"Umeona?" Rula aliniambia, meno yamebana. "Ugonjwa ni wetu sote wawili. Mimi umenifukuzia watu, yeye umemletea."

Alikuwa amesema kweli. Bahati ya mtu haiulizwi ilikopitia.

Ningependa kusema kwamba hapo alimeza donge lake akaendelea. Lakini na yeye alikuwa ameacha nywele ziote kama alivyoagizwa, nazo ziliota kwa namna ileile, maana ni wa tumbo moja. Mteja mmoja, mtu mwema kabisa asiye na hila, akamtazama kwa nyuma akacheka. "Aisee Rula," akasema, "na wewe umemuiga dogo?"

Kaka alimaliza kichwa cha yule mtu, akampaka spiriti, akamkung'uta. Nilimwona shingo imekakamaa.

Siku hiyohiyo, Kitinda alipotoka kwenda kula, nilikuwa naanika taulo uani. Niliporudi nilimkuta kaka amekipa kile kioo kirefu mgongo. Mkono wa kushoto ameshika kioo kidogo mbele ya uso, mkono wa kulia umepita juu ya bega na mashine inanguruma. Anajipigia mstari kisogoni. Na ulikuwa umenyooka, Mungu shahidi wangu. Sijui kama kuna kinyozi mwingine anayeweza kujipiga mstari mahali asipopaona, kwa picha iliyogeuzwa mara mbili.

"Kaka, daktari alisema nini?"

"Nasafisha pembeni tu."

"Pembeni gani? Umefika kwenye mshono."

Alizima mashine. Alinitazama kwenye kioo kidogo, nikaona jicho lake moja tu, jekundu.

"Unataka nizeeke nikifanana naye?" alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mashine."

Sikio la kufa halisikii dawa, na sasa najua hata kisogo hakisikii. Dawa alipaka, hilo sitamsingizia. Alipaka asubuhi na jioni, kwa kubahatisha, nusu inaingia kwenye nywele, nusu kwenye kola. Kisha mwisho wa wiki anaparua palepale kwa mashine iliyoshushwa hadi chini, tena siku nyingine kwa wembe. Sindano za kila mwezi alihudhuria mwanzoni. Baadaye akaanza kukwepa, kwa sababu alijua daktari angeona. Kipele kimoja kiliota pembeni ya mshono. Kikapata mwenzake. Kabla ya mwaka kwisha kovu lilikuwa limerudi, na safari hii yalikuwa mawili, la juu na la chini, na katikati yake ufa unaotoa majimaji na harufu. Mwalimu, aliyekuwa akipita kusalimia, akawa anasalimia akiwa barabarani, na kunyolewa anamwita Kitinda nyumbani kwake.

Daktari alimzungusha kaka kwenye kiti, akalitazama kovu kwa karibu.

"Nani amekunyoa hapa?"

"Hakuna aliyeninyoa."

"Huu mstari haukujichora. Ni kazi safi sana, sijui kama nimewahi kuona mstari ulionyooka hivi." Akainama kumtazama usoni. "Ni wewe mwenyewe?"

Na kaka yangu, na shingo ile, na harufu ile, alitabasamu. Alikuwa amesifiwa kazi. Ilibidi nitazame ukutani nisije nikamchapa mtu mzima mbele ya daktari.

"Watu wanasema kinyozi hajinyoi," daktari alisema. "Wewe umejinyoa, na umejiumiza. Sasa sikiliza. Ngozi ya kuvuta na kushonea ina mwisho wake. Naweza kukata mara moja nyingine. Likirudi tena, sitakuwa na cha kukushonea, utaishi nalo hivyo mpaka uzee. Na sikati mpaka nione nywele hapo, zimeota, hazijaguswa." Akanigeukia. "Nani kwenu anashika vichwa vya watu?"

"Mimi."

"Basi dawa utapaka wewe. Yeye asijiguse."

Kuota kwa zile nywele ndiko kulikokuwa upasuaji wenyewe, ukiniuliza mimi. Kila siku alisimama mbele ya benchi na makovu mawili na Mkia juu yake, mfano wa mdogo wake kwa nyuma, na vijana wakimwona wanagongana viwiko. Nilikificha kile kioo kidogo ndani ya ndoo ya taulo chafu, kwa sababu najua hakuna mwanamume wa ukoo wetu anayegusa taulo chafu. Mashine ya akiba nayo niliiondoa. Jioni alikuwa anapapasa shingo kwa kidole, kisha anaurudisha mkono mfukoni. Hakuongea na Kitinda ila kwa habari ya kazi. Lakini hakunyoa.

Alikatwa mara ya pili. Mshono ulipofunga, kazi yangu ikaanza. Asubuhi kabla ya kufungua na jioni kabla ya kufunga, alikaa kwenye kiti changu cha sinki, akainamisha kichwa, nikamchambua nywele na kumpaka krimu kwenye mshono wenyewe, mahali ambapo yeye hakuwahi kupafikia. Nikaiacha ikauke, nikaweka jeli ya silikoni juu yake, nikaisugua kwa kidole gumba polepole, mpaka niliposikia ugumu unalainika chini ya ngozi. Hatukuwa tunaongea sana. Siku moja alisema, ameinama hivyohivyo, "Una mkono mzuri." Tangu baba agawe saluni, hakuna aliyekuwa amenitamkia hivyo.

Aliyesikia si mimi peke yangu. Kitinda alikuwa anafagia. Alifagia mahali pamoja mara nyingi.

"Mimi nilijipaka mwenyewe," alisema baadaye, kama mzaha. "Hakuna aliyenishika shingo."

"Hukuomba."

"Na yeye aliomba?"

Wivu ulikuwa umehama nyumba. Nilimwona Kitinda anautazama mkono wangu kwenye kioo kila jioni, na nikaona vicheko vinampungua. Mkia nao ulikuwa unapitwa na wakati, kama mitindo yote ya vijana, na sasa watu walitaka tena mstari, mstari mkali, ulionyooka. Huo unapatikana kiti cha Rula. Shingo ya kaka ilikuwa bapa, imefunikwa nywele, haimtishi mtu. Benchi likageuka. Aliyekuja mwenye vipele kisogoni, kaka alimkalisha, akamwonyesha yake, akamwambia aende kwa daktari mapema na aache wembe. Mzee mzima akawa mhubiri.

Kisha Mwalimu akarudi. Aliingia mchana, kofia mkononi, akapita kiti cha Kitinda moja kwa moja, akakaa kwa Rula.

"Nimerudi," alisema. "Huyu kijana ana maneno mazuri, lakini ananipinda."

Hakulisema kwa ubaya. Wazee wakishafika umri fulani, ukweli unawatoka wenyewe. Benchi likacheka. Kitinda naye akacheka, na mimi niliyemlea nikajua kicheko kile hakina mtu ndani. Rula alimfunga Mwalimu kitambaa shingoni, taratibu, kisha akafanya kitu ambacho sikukipenda: aliinua macho kwenye kioo, akamtafuta Kitinda, akamtazama mpaka mwenzake akatazama chini.

Nilikuwa nimetia mikono kwenye kichwa cha mteja, povu mpaka kwenye viwiko. Kitinda alikuja nyuma, akajifanya anatafuta taulo, akaingiza mkono kwenye ndoo ya taulo chafu. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ndiye mwanamume pekee wa ukoo wetu anayenisaidia kufua siku nyingine. Akatoka na kile kioo kidogo.

Alisimama kando ya kiti chake kitupu, akakipa kioo kirefu mgongo. Akachomeka mashine yake kwenye soketi ileile ya mashine ya kaka, akaishusha hadi chini kabisa, akapitisha mkono juu ya bega. Alikuwa anataka mstari. Alikuwa anataka, mbele ya benchi lote na Mwalimu, kuonyesha kwamba na yeye anaweza kunyooka.

"Kitinda," niliita. Maji yalikuwa yanamwagika, hakusikia.

Rula aliona. Nilimwona kwenye kioo akiona. Mashine yake ilisimama juu ya sikio la Mwalimu. Nitasema nilichokiona, hata kama ni ndugu yangu: hakushtuka. Alitazama. Alizitazama zile nywele zilizomuudhi miaka, ile shingo iliyompokonya watu, inasubiri mashine, na hakukuwa na chochote alichotakiwa kufanya ila kuendelea na kazi yake. Mdomo wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyewekewa maji ya kunywa mbele yake baada ya kiu. Mashine ya Kitinda iligusa unywele wa kwanza.

Kaka akainama, akashika nyaya zote mbili kwa mkono mmoja, akazing'oa ukutani.

Mwalimu alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa.

"Rudisha waya," Kitinda alisema. "Shingo ni yangu."

"Shingo ni yako," Rula alisema. "Mistari humu ndani napiga mimi. Na hapo sipigi."

Wakasimama hivyo, kila mmoja ameshika mashine iliyokufa. Mwishowe Kitinda ndiye aliyeweka yake chini. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikuja nyuma, kwangu, akasubiri nimalize kumsuuza mteja, kisha akakaa pale anapokaa kaka, akainamisha kichwa.

"Na mimi nipake," alisema.

Baka lake lilikuwa limepoa siku nyingi, halikuhitaji kitu. Nilikausha mikono, nikamchambua nywele, nikaweka jeli kidogo kwenye kidole gumba, nikaanza kusugua. Alikuwa na joto shingoni, na alikuwa analia bila sauti, jambo ambalo niliwafichia watu wa benchi kwa kusimama vizuri.

Kule mbele waya ulirudi ukutani. Mashine ya Rula ikanguruma tena kwenye nusu iliyobaki ya Mwalimu. Nikainua macho. Kwenye kioo, kaka hakuwa anautazama mstari wake. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Kidogo tu," alisema. "Hiyo dawa ni yangu."